Masulemani: Kutoka Ofiri Hadi Mazimbu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie jina moja la kale na waliolibeba. Nimechagua Sulemani, kwa sababu ukisimama stendi ya Msamvu ukaita "Sele!", hukosi mtu wa kugeuka. Huyu Selemani, yule Suleiman, mwingine Solomoni, na mara nyingi tahajia peke yake hukwambia babu yake aliswali au alisali wapi.

Mwenye jina mnamfahamu. Wafalme wa Kwanza inasema dhahabu iliyomfikia kwa mwaka mmoja ilikuwa talanta 666. Katika Kurani ni nabii aliyejua lugha ya ndege. Mimi humpenda zaidi yule chungu wa Sura An-Naml, anayewahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na jeshi la Sulemani.

Dhahabu ile ndiyo iliyowasumbua watu. Biblia inataja Ofiri kuwa ndiko ilikotoka, lakini haisemi Ofiri iko wapi. Mwaka 1567 Mhispania Álvaro de Mendaña aling'oa nanga Peru, akavuka Pasifiki, na mwaka uliofuata akafika kwenye visiwa fulani. Dhahabu aliyoitafuta hakuipata. Uvumi haukujali hilo: visiwa vikaitwa vya Sulemani. Kisha mabaharia wa Ulaya wakashindwa kuvipata tena kwa karibu miaka 200! Wenyeji hawakupotea popote. Walikuwa kwao, wakilima viazi vikuu na kuvua samaki.

Ethiopia walitafuta kiti, si dhahabu. Nasaba iliyoanza na Yekuno Amlak mwaka 1270 ilidai kushuka kwa Meneliki, mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba. Katiba ya 1955 ikaliandika dai hilo. Mwaka 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme Haile Selassie bila kuuliza nasaba.

Sultani Suleiman wa Istanbul, aliyetawala 1520 hadi 1566, nitampita. Tamthilia za Kituruki zimeshanimalizia kazi.

Wote hao walimtaka mfalme yule kwa faida yao. Solomon Mahlangu alipewa jina na wazazi wake tu, huko Afrika Kusini, mwaka 1956. Baada ya maasi ya Soweto ya 1976 alitoka nchini, akapata mafunzo ya kijeshi ya ANC, chama kilichopigania kuondoa ubaguzi wa rangi kule, akarudi mwaka 1977. Mwezi Juni, mjini Johannesburg, yakatokea mapambano na raia wawili wakauawa. Aliyefyatua risasi alikuwa mwenzake, ambaye baadaye alionekana hawezi kushtakiwa kwa jinsi alivyopigwa na polisi. Mahlangu akahukumiwa kwa hoja kwamba walikuwa na nia moja. Alinyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22.

Wakati huo ANC walikuwa wanajenga shule hapa Mazimbu, Morogoro, kwenye shamba la zamani la mkonge walilopewa na serikali yetu. Wakaipa jina lake. Palikuwa na chekechea, msingi, sekondari, hospitali, mashamba. Watoto wa wakimbizi walisoma huku wakilima. Mwaka 1992 majengo yalikabidhiwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wengine wenu hapa mmesomea humo, na nashuku mliandika "Solomon Mahlangu" kwenye fomu kwa miaka mitatu bila kumuuliza mtu ni nani. Karibuni maswali.