Si Uvivu: Mhadhara wa Jioni Mkunguni, Lamu

Assalaam alaykum wazee wangu, mama zangu na vijana mliokuja jioni hii.

Nianze na kofia. Mtoto wa mama yangu mdogo alikuwa fundi wa kofia za mkono, zile za vitundu. Kazi yake mwaijua: kofia moja yaweza kula miezi. Kisha akaanza kusikia sauti. Hospitali wakasema ni skizofrenia, ugonjwa wa akili, akapewa dawa, sauti zikapungua, tukamshukuru Mungu. Lakini kofia hakuishika tena. Alikuwa akikaa barazani tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, kitambaa kando yake, sindano imechomekwa ndani inaota kutu. Watu wakasema amepona, sasa ni mvivu tu. Hata mimi nilisema, na neno lile linaniuma mpaka leo.

Daktari wa Kijerumani, Emil Kraepelin, aliandika zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba ugonjwa huu hudhoofisha nia ya mtu. Mwaka 2009 watafiti Marekani walitoa mchezo wa kulipima jambo hilo: chagua kubonyeza kitufe mara 30 upate dola 1, au mara 100 kwa kidole cha mwisho cha mkono usioutumia sana, upate zaidi, hata dola 4 na ushei. Malipo yakipanda na uhakika wa kuyapata ukiwa mkubwa, wengi wetu tutaichagua kazi ngumu. Wenye skizofrenia, kwa wastani, hawaongezi juhudi kiasi hicho. Kazi hawaikatai; ile hesabu ya jasho na malipo ndiyo haikai sawa.

Na raha je, imekufa? Hapana, wazee wangu! Mpe mahamri ya moto na mbaazi, uso utakunjuka kama wako. Raha iliyo mkononi huihisi karibu sawa na wengine. Inayofifia ni raha ambayo bado haijafika, ile inayomwinua mtu mkekani alfajiri kwa ajili ya malipo ya mwezi ujao. Sasa kofia ya miezi mitatu ataishikaje?

Dawa hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali ya ubongoni inayohusika na hamu. Hunyamazisha sauti, lakini hamu ya kutenda hazirudishi sana. Nawasihi, msimwachishe dawa kwa sababu hiyo. Sauti zikirudi, hata hicho kidogo hukipati.

Mama mdogo hakusoma utafiti wowote. Siku moja aliichomoa ile sindano, akatia mpya, akakaa karibu naye. "Mwanangu, nishonee vitundu kumi tu. Chai i tayari." Alishona saba. Mama hakumhesabia, chai ikaja pale pale barazani, ya tangawizi, bado yatoa moshi. Kesho yake kitambaa kikawekwa tena mapajani.

Jana nilipita. Kofia haijafika nusu. Alikuwa ameinama, anautia uzi sindanoni.