Tano Inatoka Wapi?

(Mhadhara kwa walimu wa hisabati na wazazi, Moshi)

Shikamooni wazee, habari zenu walimu wenzangu. Baadhi yenu mmeshanisikia kwa jambo hili mpaka mmelikariri. Nitalirudia, maana madaftari bado yanakuja na kosa lilelile: mtoto anajikwaa kwenye vijineno vya Kiingereza vya swali la hisabati, kina "from" na "by".

Ubaoni nimeandika: "Subtract 5 from 12." Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza juzi anaandika 5 − 12, anashtuka, anageuza, anapata 7. Unampa tiki. Hiyo tiki itamponza siku atakapokutana na "Subtract x from 12", ambapo hakuna namba ndogo wala kubwa ya kumnong'oneza. Ataandika x − 12 na kusonga mbele kwa amani kabisa.

Si uzembe. Kiswahili hutanguliza kikubwa: kumi na mbili toa tano, elfu kasoro mia. Kiingereza hapa kimetanguliza kinachotolewa, naye anaandika jinsi anavyosoma. Lakini hilo "from" analijua toka shule ya msingi: "I come from Moshi." Anzia hapo. Tano inatoka wapi? Inatoka 12. Basi 12 ni nyumbani, na nyumbani kunaandikwa kwanza. Mwekee maharage 12 mezani, msomee sentensi, tazama mkono unaenda wapi. Mkono haukosei. Ukishaenda kwenye lile fungu la 12, mwambie aandike alichogusa kwanza.

Siku ya pili weka hizi mbili, moja chini ya nyingine: "5 less than 12" na "5 is less than 12". Ya kwanza ni 12 − 5. Ya pili ni 5 < 12. Herufi mbili tu! Wasome kwa sauti, wagonge dawati kila wanapofika kwenye "is". Yenye "is" inatoa habari. Isiyo nayo ni namba inayongoja kukokotolewa.

Mtaniambia, si tufundishe kwa Kiswahili tu yaishe? Mjadala huo naupenda, tukae siku nzima tuujadili. Ila mtihani wa kidato cha pili, ulio kwa Kiingereza, hautatungoja. Mwingine atasema shida ni maneno magumu, kina "quotient", yaani jibu la kugawanya. Sikubali. "Quotient" mtoto anajua kwamba haijui, atauliza. "By" anadhani anaijua.

Na hiyo "by" yenyewe: tuseme sado ya nyanya ni shilingi 4,000. Bei ikiwa "decreased by 1,000", inabaki 3,000. Ikiwa "decreased to 1,000", tukimbie sote sokoni Mbuyuni.

"Into" msiitungie kanuni, nawasihi. "Divide 20 into 4 equal parts" ni 20 ÷ 4, lakini "4 into 20" nayo ni 20 ÷ 4. Anayefundisha kwamba "into" hugeuza mpangilio amemchimbia mtoto shimo. Warudi kwenye maharage: kinachogawanywa ni kipi?

"Fifteen" na "fifty" husikika karibu sawa; vuteni mwisho wa ile ya kwanza mnapotamka, basi. Saa za Kiingereza nilizipangia dakika kumi, ila mwenyekiti ananionyesha saa ya Kiswahili, na imekwisha.

Bakuli la maharage liko pale mlangoni. Kila mwalimu, "take 20 from the bowl". Ishirini, jamani. Bakuli libaki.