Mkeo Akirudi Nyumbani na Valvu ya Chuma: Naongea na Wanaume Wenzangu

Asante mwenyekiti, na asanteni nyote mliokubali kukaa mpaka sa hizi. Niliombwa niongee kuhusu kumuuguza mke nyumbani baada ya opresheni ya moyo, nikakubali haraka, maana kila nikimpeleka mke wangu kliniki naona wanawake wenzake wameletwa na mama zao, na dada zao, na mashoga zao, waume tuko wachache mno, wengine wanapiga simu tu "vipi, daktari kasemaje?" Kwahiyo leo mniruhusu niseme na waume.

Kwanza mjue ugonjwa ulikotoka, kwasababu kuna watu mpaka leo wanasema karogwa. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo, yasipotibiwa vizuri basi kwa baadhi ya watoto mwili unaanza kujishambulia wenyewe, magoti yanavimba, moyo nao unaguswa, ndo inaitwa homa ya rumatiki. Miaka inapita anakua anaolewa, anabeba mimba, halafu anaanza kuhema akipanda ngazi, usiku hawezi kulala bila mito mitatu, akipimwa wanakuta valvu, yaani ule mlango wa moyo unaopitisha damu, imeziba au inavujisha. Zamani hapo ilikuwa ni safari ya India, sa hivi tuna JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, ipo tangu 2015, wengi wanafanyiwa hapohapo Dar. Anawekewa valvu, anatoka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, anakaa wodini, siku moja unaambiwa mchukue. Mtaani wote wanasema kapona.

Jamani, hajapona. Kazi imehamia nyumbani kwako, na kazi yenyewe ni moja tu, kulinda utaratibu usiyumbe. Dawa saa ileile, mboga kiasi kilekile, tarehe ya kipimo hairukwi. Shemeji aliyekuja wiki moja hawezi kuulinda huo utaratibu hata awe na upendo kiasi gani. Anaeweza ni wewe unaelala nae chumba kimoja.

Mwenye valvu ya chuma anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Damu ikigusa kile chuma inataka kuganda, ikiganda pale valvu inakwama au bonge linaruka mpaka kwenye ubongo, kiharusi hicho. Dawa ikizidi nayo, anavuja damu. Kwahiyo anatembea katikati hapo, na kipimo cha damu kinachotuonyesha yuko wapi ni INR, ikishuka damu inaganda haraka, ikipanda sana anavuja. Wenye valvu ya chuma ya mitrali, ile ya upande wa kushoto wa moyo kati ya chumba cha juu na cha chini, wengi wanalengwa kati ya 2.5 na 3.5, ya mkeo muulize daktari wake, uiandike, uijue kwa kichwa. Akisahau kidonge cha jana asimeze viwili leo, piga simu kliniki uulize.

Sasa mboga. Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga, zote zina vitamini K nyingi na vitamini K inapunguza nguvu ya warfarini. Watu wakisikia hivyo wanamkataza mboga kabisa, mke wa mtu anakula wali na maharage mwezi mzima, halafu anakuja mama mkwe na kisamvu cha nazi anakula siku tatu mfululizo, INR inashuka na hakuna anaejua kwanini! Mboga ale. Ale kiasi kinachofanana wiki hii na wiki ijayo, basi.

Na maduka ya dawa, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mgongo ukimuuma utauziwa diklofenaki au brufeni bila swali hata moja, na hizo pamoja na warfarini zinaweza kumvujisha damu tumboni. Akiharisha utapewa flajili. Kikohozi, septrini. Hizi mbili zinaipandisha INR sana, na kwenye mitaa yetu zinanunuliwa kama karanga. Maumivu ya kawaida apewe panadol kwa kipimo alichoandikiwa, kingine chochote kisiingie mdomoni kabla hujauliza, na dawa za miti ni hivyohivyo, hata kama aliyeileta ni shangazi yako mpenzi.

Kifua je? Ule mfupa wa katikati umekatwa kwa msumeno ukafungwa na waya, unahitaji kama miezi mitatu kushika sawasawa. Kwa nje mnaona mshono tu umekauka mnadhani yameisha. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, yeye asinyanyue hata kilo 5. Asibebe mtoto, asifue, asisonge ugali, ndio ugali, maana kusonga ugali wa familia kunavuta kifua chote, kwahiyo mwiko ushike wewe mwanaume na usione haya. Akitaka kuamka asivutwe mikono, ageuke ubavu, ashushe miguu, wewe msaidie mgongoni. Akikohoa aukumbatie mto. Bodaboda asahau kwa sasa.

Wageni wapunguzeni. Wakae kidogo waende, mwenye mafua abaki kwake.

Halafu kuna mambo ambayo hatuambizani. Atalia bila sababu, atasahau vitu, ataota ndoto mbaya, wengi inawapata wiki za mwanzo. Usimwambie "si umeshapona sasa unalia nini". Usiku kukiwa kimya mtaisikia ile valvu inagonga, tik tik, wewe na yeye, wapo wanaoogopa kulala kwasababu yake, mwambie wazi kuwa unaisikia na kwamba hivyo ndivyo inavyofanya kazi. Kovu atalificha, hata kwako atalificha. Mpe muda. Tendo la ndoa kwa wengi linarudi baada ya wiki 6 mpaka 8, akiwa anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema, na uzito wako usiwe kifuani kwake. Mimba ndo jambo zito zaidi, warfarini inaweza kumharibu mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na mama mwenyewe anakuwa hatarini, kwahiyo uzazi wa mpango muuongelee na daktari kabla hamjarudia tendo la ndoa, mkae wawili mbele ya daktari, usimtume peke yake. Hedhi nayo inaweza kuwa nyingi kupita kawaida, muulize, usisubiri akuambie.

Mpimeni uzito kila asubuhi kabla hajala. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, miguu ikavimba, ni maji hayo, pigeni simu. Homa na kutetemeka, mshono kutoa usaha, mfupa wa kifua kucheza, choo cheusi tii, mkojo mwekundu, hayo ni hospitali siku hiyohiyo. Mdomo ukipinda, mkono ukalegea, maneno yakamshinda, au ule mlio wa valvu ukapotea ghafla na anashindwa kupumua, hapo ni gari sa hiyohiyo, usianze kutafuta maombi wala ushauri wa jirani, maombi mtafanya njiani.

Na wewe ulale. Tafuta mtu wa kushika zamu hata usiku mmoja mmoja, mdogo wako, mtoto mkubwa, ila mwonyeshe daftari la dawa kwanza, na awe anaandika humo kila akitoa kidonge.

La mwisho, ile sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya rumatiki isirudi, nimewasikia wengine wanasema valvu mpya imeshawekwa sindano ya nini tena. Valvu haiondoi rumatiki. Anaendelea nayo mpaka daktari wake aseme basi, na akienda kung'oa jino aseme kabla kuwa ana valvu, maana anahitaji antibayotiki kwanza. Nimemaliza, karibuni maswali, na wenye daftari la INR hapa njooni nalo tuangalie pamoja.