Refa, Taja Kanuni: Kuhusu Maamuzi Yenye Utata Katika Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi

Waamuzi wenzangu, makocha, na nyinyi vijana mliojificha viti vya nyuma, habari za asubuhi.

Nianze na lalamiko ninalolisikia kuliko yote: "Mbona wale walifanya hivyohivyo wakaonywa tu, sisi tukaenguliwa?" Kijana anayeuliza hivyo mara nyingi anasema kweli. Kitendo kilikuwa kilekile. Na refa naye huenda alikuwa sahihi mara zote mbili.

Chukueni mashindano ya roboti ya VEX, daraja la V5. Uwanja ni futi 12 kwa 12, miungano miwili ya timu, wekundu na bluu, roboti mbili kila upande. Mechi ni dakika mbili: sekunde 15 roboti zinajiendesha zenyewe, muda uliobaki madereva wanashika rimoti. Kwa misimu mingi kanuni zake zimemtaka refa ajiulize, kabla ya kumwengua mtu, kama kosa lile limebadilisha mshindi. Tuseme roboti ya wekundu imeingia isikoruhusiwa, ikawanyima bluu pointi 6. Mechi ikiisha wekundu 90, bluu 60, hizo 6 hazina la kufanya; wekundu wanaonywa. Ikiisha 64 kwa 60, warudishieni bluu zile 6: wanafika 66, wanashinda. Hapo wekundu wanaenguliwa. Na aliyetenda kosa hilohilo kisha akashindwa mechi? Anaonywa tu, maana mshindi hakubadilika, labda kosa liwe la makusudi au baya kupita kiasi.

Naijua ladha yake, ni chungu. Lakini mimi naiunga mkono, kwa sababu inamlinda mtoto asifutiwe mechi nzima kwa gurudumu lililoteleza. Sharti lake ni moja: refa aifanye hiyo hesabu kweli, na aionyeshe. Refa anayesema "mmeenguliwa, ondokeni uwanjani" bila kutaja kanuni, bila kusema aliona nini, bila kuonyesha zile 6 zimetoka wapi, amewaachia wanafunzi wajaze wenyewe sababu. Watajaza. Watasema unaipendelea timu fulani, na utakosa cha kuwajibu. Ndiyo maana nawaambia waamuzi wapya: kama huwezi kuitamka namba ya kanuni, hujafika mahali pa kuengua. Fungua kitabu mbele yao, hakuna aibu.

Kubana ndiko kunakoleta kelele zaidi. Roboti inamsukuma mpinzani kwenye ukuta, haimwachii. VEX kwa muda mrefu wameweka kikomo cha kuhesabu hadi tano, na kitabu chao kinasema wazi kwamba kila hesabu ni takriban sekunde moja, tena refa anahesabu kwa sauti. Takriban! Kwa hiyo dereva aliyekuja na saa akidai zilikuwa sekunde nne na nusu hana kesi. Tano ya refa ndiyo tano. Lakini upanga huo unakata pande zote mbili. Refa aliyehesabu kimoyomoyo, kisha akatangaza kwamba tano zilipita, amemnyima dereva nafasi ya kurudi nyuma kwa wakati. Lile "moja, mbili, tatu" ndilo onyo lenyewe.

Sasa simu. Kocha anakuja mbio, video mkononi, ameisimamisha palepale roboti ilipogusa. Kanuni za VEX na za FIRST, waandaaji wengine wa mashindano ya roboti ya wanafunzi, kwa miaka mingi zimemkataza refa kutazama video au picha kabla ya kuamua. Watu huona ni ukaidi. Sioni hivyo: si kila mechi ina mtu aliyeirekodi, timu yenye wazazi wengi ingekuwa na ushahidi mwingi, na kamera iliyo upande mmoja huonyesha roboti mbili zimegusana wakati kati yao pana pengo. Ila refa asiifanye kanuni hiyo kichaka cha kujificha. Kumsikiliza mwanafunzi hakujakatazwa, wala kumuuliza refa msaidizi aliyesimama upande wa pili.

Nimesema mwanafunzi. Katika mashindano makubwa ya FIRST, yale yenye roboti tatu kila upande, timu inamtuma mwanafunzi mmoja asimame mahali maalumu pa maswali na kumsubiri refa mkuu. Kocha anabaki nyuma. Wazazi ndiyo kabisa. Na huyo mwanafunzi asije kubishana, aulize: "Ni kanuni ipi, na uliona nini?" Maswali hayo mawili yamewahi kubadilisha maamuzi mbele ya macho yangu, wakati kufoka sijaona kukibadilisha lolote. Aende mapema pia, kabla uwanja haujapangwa upya kwa mechi inayofuata, maana vikishahamishwa vifaa hakuna cha kuhesabu tena.

Katika mashindano hayohayo, kadi mbili za njano huzaa nyekundu, na nyekundu katika hatua ya mtoano huangusha muungano mzima, pamoja na timu mbili ambazo hazikugusa kitu. Hilo linaniuma, nalisema wazi. Lakini hatua ile timu huchaguana zenyewe, kwa hiyo mnapochagua mwenza ulizeni alipewa kadi ngapi, si pointi tu.

Kwa wale wa World Robot Olympiad, kundi la RoboMission ambapo roboti inatekeleza kazi mezani, mambo ni mafupi. Hakuna mpinzani wa kugongana naye. Mnaletewa karatasi ya alama mthibitishe na kuweka saini. Saini ikishawekwa, mlango wa malalamiko umefungwa. Nimeona timu inasaini huku inapakia betri kwenye begi. Isomeni mstari kwa mstari, angalieni kifaa kilichokaa nusu ndani nusu nje ya mstari kimeandikwaje, na kama hamkubaliani semeni palepale, kalamu ikiwa bado mezani.