Ngamia Wawili Bafuni

MWANAIDI: Haya, karibuni. Leo tulipanga kuzungumza juu ya utafiti wa wakati wa korona, na jinsi serikali ya Kenya ilivyoutumia, au haikuutumia, kuinua uchumi. Lakini kwanza Kazungu awaambie alichokifanya Jumanne.

KAZUNGU: Mimi sikufanya kitu. Nilipigiwa simu, namba siijui. Binti mpole: "Shikamoo, nazungumza na mwenye nyumba?" Nikajua, hao matapeli wa simu wanaopiga kutoka gerezani wamekuja. Nikamuuliza, wewe uko seli namba ngapi?

MWANAIDI: Maskini ya Mungu!

KAZUNGU: Akasema ni utafiti, dakika ishirini. Matapeli siku hizi wana adabu, bwana. Nikaona wacha nimchezee. Akaniuliza, "Siku saba zilizopita, kuna mtu humo nyumbani aliyelala bila kula?" Nikamwambia sisi hapa pilau mara tano kwa siku. "Mna mifugo?" Ngamia wawili. "Mnawalaza wapi?" Bafuni.

MWANAIDI: (anacheka) Hilo la kulala hakukuuliza.

KAZUNGU: Sawa, hilo niliongeza mwenyewe. Basi nikakata. Dakika tano, mlio. Kredo ya simu ya shilingi hamsini, na ujumbe wa asante.

MWANAIDI: Kwa hiyo alikuwa karani wa kweli. Na wewe sasa ni takwimu. Mtaani kwenu, kuna mahali kompyuta imeandika: ngamia, wawili.

KAZUNGU: Si watafuta?

MWANAIDI: Nani afute? Fomu ingekataa ungesema una watoto mia. Ngamia wawili inawameza. Labda msimamizi apige tena kuhakiki. Mimi nilifanya kazi hiyo 2020, wasikilizaji wa zamani wanajua. Mombasa imefungwa, hakuna kutoka wala kuingia, kafyu saa moja jioni. Nyumba ina watoto wanne, shule zimefungwa tangu Machi. Mahali pekee penye kimya ni chini ya blanketi. Jua la Mei, mimi chini ya blanketi, namuuliza mama wa watu kama jana alipunguza sahani yake ili watoto wale.

KAZUNGU: Akajibuje?

MWANAIDI: Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Andika ndiyo."

KAZUNGU: Na ukamtumia hamsini.

MWANAIDI: Ndiyo, kredo ya hamsini.

KAZUNGU: Ndipo mimi na utafiti tunapoachana. Kredo hailiwi.

MWANAIDI: Wewe ungefanyaje? Nyumba kwa nyumba hukuweza kwenda. Shirika la takwimu na Benki ya Dunia walianza kupiga simu Mei 2020. Namba nyingine walitoa kwenye utafiti wa kaya wa 2015/16, nyingine kompyuta inazibahatisha tu.

KAZUNGU: Na asiye na simu?

MWANAIDI: Wanaongeza uzito wa majibu ya wale wanaofanana naye, yahesabiwe zaidi.

KAZUNGU: Mtu hujampata, utampimaje uzito? Na kijijini kwetu simu ni ya mzee. Mzee ndiye anayejibu kama mama alikula. Mzee alikula!

MWANAIDI: Hilo nakubali, lina ukweli. Lakini usitupe kila kitu. Wachukue watafiti wa kaunti za Siaya na Bomet. Vijiji 295, utafiti ulianza kabla hatujasikia jina la korona. Vingine watu wanapewa pesa kwenye simu, kama senti 75 za Marekani kwa siku, bila masharti. Korona ilipoingia wakawapigia simu. Waliokuwa wanapokea walipata njaa kidogo kuliko wengine. Tofauti si kubwa, lakini ipo. Tena kuna jambo lililonishangaza: wale waliofungua vibiashara kwa pesa hizo, ile faida waliyokuwa wameanza kuionja ikaliwa na korona. Lakini chakula kilibaki mezani. Hilo ungelijuaje bila kuuliza?

KAZUNGU: "Kuliko wengine." Wengine kina nani?

MWANAIDI: Vijiji vya kulinganisha.

KAZUNGU: Vingapi?

MWANAIDI: Mia.

KAZUNGU: Vikapewa nini?

MWANAIDI: Kazungu...

KAZUNGU: Vikapewa maswali! Kijiji cha jirani kinapokea, wewe unapokea simu: "Siku saba zilizopita ulilala njaa?" Nililala, ndiyo, na wewe unajua kwa nini.

MWANAIDI: Pesa hazikutosha vijiji vyote. Hata bila utafiti vijiji vingine vingekosa, tena kwa kujuana. Hapa angalau ni kura ya bahati nasibu.

KAZUNGU: Kura ya njaa.

MWANAIDI: Na usipokuwa na wa kulinganisha, mwaka kesho waziri anakuambia pesa hizi hazina maana, na wewe huna la kumjibu.

KAZUNGU: Waziri hakungoja utafiti wowote! VAT, ile kodi ya bidhaa na huduma, ilishushwa Aprili 2020, kutoka asilimia 16 hadi 14. Simu za kwanza Mei. Januari 2021 ikarudi 16. Aliyepigiwa simu hapo katikati alisaidia nini?

MWANAIDI: Ndiyo maana watu wa utafiti wanataka kuanza kabla ya janga...

KAZUNGU: Wakiniuliza kabla ya janga nitawaambia nina ngamia.

MWANAIDI: Umeona? Tatizo ni wewe! Mimi nilikaa chini ya blanketi nione ukweli, wewe unawalisha ngamia.

KAZUNGU: Mjomba wangu alikuwa mpishi wa hoteli. Mwaka ule uchumi ulipungua asilimia 0.3, wakaandika hivyo. Hoteli na mikahawa ilinywea karibu nusu. Yeye akaenda kuvua. Hakuna aliyempigia. Ningempa ngamia wangu mmoja.

MWANAIDI: Mimi bado nasema ni lazima tuulize.

KAZUNGU: Na mimi nasema vile vijiji mia vinatudai.

MWANAIDI: Tumebakiwa na muda gani? ... Dakika mbili? Wee! Nilikuwa na masomo matatu hapa, nimeyaandika kabisa. La kwanza...

KAZUNGU: La kwanza tusiwakatie makarani simu.

MWANAIDI: La kwanza ni ushuru, na... basi, acha. Wiki ijayo.

KAZUNGU: Msimamizi akinipigia kuhakiki, nimwambieje?

MWANAIDI: Mwambie ukweli, bwana. Huna ngamia.

KAZUNGU: Na ile hamsini nimeshaongea nayo yote.

MWANAIDI: Ulimpigia nani?

KAZUNGU: Mjomba.