Supachaja, Joto na Uhai wa Injini

Mafundi wenzangu, asanteni kwa kufika. Najua wengi mmekuja na swali la kuongeza nguvu farasi. Kwa injini ya pikipiki yenye supachaja, yaani feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, nguvu si kazi kuipata. Kazi ni injini hiyo kuamka nzima kesho, na mwakani pia.

Tuitazame Kawasaki Ninja H2, iliyoingia sokoni 2015: silinda nne, sisi (cc) 998. Feni ya supachaja yake ina kipenyo cha milimita 69 tu, ila gia zinaizungusha mara 9.2 kwa kila mzunguko wa kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kranki ikifika mizunguko 14,000 kwa dakika, feni inakaribia 130,000. Ndugu yake wa uwanjani, H2R, hutoa nguvu farasi zipatazo 310. Na bado wahandisi wa H2 waliushusha uwiano wa mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni inaishindilia hewa, hadi 8.5 kwa 1, wakati pikipiki za mbio zisizo na supachaja hupita 12. Waliacha nafasi makusudi, na ninawaheshimu sana kwa hilo.

Waliiacha kwa sababu ya joto. Hewa ya nyuzi 30 ukiishindilia hadi shinikizo lake liwe mara mbili, inapita nyuzi 90 hata kwa kompresa kamilifu, na kompresa kamilifu haipo. H2 yenyewe haina intakula, yaani kipoza hewa baada ya supachaja. Hewa hiyo ya moto ikishindiliwa tena na pistoni, mchanganyiko uliobaki pembezoni hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hiyo ndiyo noki. Kwenye mizunguko 12,000, ekzosi ikinguruma, msitegemee masikio. Fungueni plagi, shikeni lenzi, mtazame ile kaure nyeupe. Mkiona vitone vyeusi kama pilipili manga, au vichembe vinavyometa, zimeni injini. Vinavyometa ni alumini ya pistoni.

Mafuta, yaani petroli, nayo yanaua injini nyingi kimyakimya. Tuseme pampu inasukuma kwa shinikizo la baa 3. Supachaja ikijaza baa 1 kwenye njia ya hewa, injekta, ile inayonyunyiza petroli, inabakiwa na baa 2 za kusukumia, na mafuta yanapungua kama asilimia 18 pale pale injini inapoyahitaji zaidi. Fungeni regyuleta, kirekebishi cha shinikizo la mafuta, yenye mpira unaotoka kwenye njia ya hewa baada ya supachaja, ili shinikizo la mafuta lipande pamoja na la hewa. Mzigo ukiwa kamili, nendeni na sehemu 11.5 hadi 12 za hewa kwa moja ya petroli. Ile 14.7 iacheni kwa mwendo wa pole.

Taimingi, yaani wakati plagi inapowasha moto, iwe ya mwisho. Mkiwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, digrii moja mbele huleta farasi kadhaa, na mkono unataka kuongeza nyingine. Ikifika mahali digrii moja haileti kitu, rudisheni mbili nyuma.

Mlioko Nairobi, sikilizeni hapa. Mko kwenye mita 1,700 hivi, hewa yenu ni nyepesi. Pikipiki iliyotuniwa kwenu ikishuka Mombasa, supachaja ile ile inameza hewa nzito zaidi kwa karibu moja ya tano. Kompyuta isiyo na sensa ya shinikizo haitajua, na mafuta yatakuwa machache. Fungeni sensa hiyo na ya joto la hewa pia, kisha mjaze jedwali la kurudisha taimingi hewa inapochemka. Likikosekana jedwali hilo, pikipiki isitoke gereji.

Karibuni kwa maswali.