Dole gumba lako lilisema nini?

Kipindi hiki kimerekodiwa Katindo, Goma, mashariki mwa Kongo. Furaha ni mwalimu wa fizikia. Bahati anatengeneza simu Birere, na Furaha anamwita "yaya", yaani mkubwa wake.

BAHATI: Jambo yenu wote. Leo yaya Furaha ameingia na simu ya zamani, kioo kimepasukapasuka, na amenikataza kuigusa. Fundi wa simu akikatazwa kugusa simu, ujue kuna neno.

FURAHA: Neno lipo. Humu ndani kuna maandishi yako ya mwaka 2021.

BAHATI: Haya, tuzime maikrofoni.

FURAHA: Kaa chini. Tarehe 25 mwezi wa tano. Volkano yetu, Nyiragongo, ilikuwa imemwaga Jumamosi, tarehe 22, lava ikashuka usiku ikaja kusimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Sasa ni Jumanne, ardhi inatetemeka, sahani zinalia kabatini, na sisi wote macho kwenye lile kundi la mtaa. Lilikuwa limejaa, watu 256, siku zile WhatsApp haikuruhusu zaidi. Mtu akaingiza odio: "Mukimbie sasa hivi! Gazi ya ziwa itapasuka, Goma yote inaisha leo!"

BAHATI: Ile sauti naisikia mpaka leo. Nyuma yake kuna jogoo anawika.

FURAHA: Mimi nikaandika, nasoma hapa: "Nani amepima, na amepima lini?" Basi. Jibu la kwanza: "Mwalimu, nenda ukafundishe." La pili: "Huyu amekula franga ya nani?" Halafu yakaanza kuingia madole gumba ya kumuunga mkono huyo wa franga. Moja, mbili, tatu. Dole la tisa, Bahati wa Birere.

BAHATI: Yaya, mbele ya watu?

FURAHA: Sijamaliza. Muda kidogo nikatolewa kwenye kundi. Simu ikalia. Nani huyu? Bahati wa Birere, amenifuata pembeni: "Yaya pole. Hata mimi nilijiuliza vile vile."

BAHATI: (anacheka) Nilikuwa kijana.

FURAHA: Ungali kijana. Sikuja kukudai, nataka kujua kitu kimoja. Lile dole lilisema nini? Kwamba ziwa litapasuka? Kwamba mimi nimekosa adabu? Ama kwamba umesoma tu?

BAHATI: Kusema ukweli, lilisema "mimi niko pamoja nanyi". Hofu ilikuwa kubwa, yaya. Usiku kama ule hutaki kuonekana upande wa peke yako.

FURAHA: Sasa nikwambie kwa nini nimeuliza. Kuna jamii moja ya watu mtandaoni, inaitwa LessWrong. Aliyeianzisha ni Eliezer Yudkowsky, Marekani, mwaka 2009. Wanachojifunza ni kufikiri, na hasa namna akili inavyojidanganya. Wanabishana kuhusu takwimu, akili bandia, hata namna ya kulala usingizi. Mwaka 2022 waliweka jambo dogo ambalo mimi lilinikaa. Kila mchango wa mtu kwenye mjadala unapimwa kwa mizani mbili. Mizani ya kwanza inauliza: haya maneno yamesaidia mazungumzo? Ya pili: unakubaliana nayo?

BAHATI: Kwa hiyo naweza kukwambia "umesema vizuri sana, lakini sikubali".

FURAHA: Na kinyume chake, ambacho ni kigumu zaidi: "nakubaliana na wewe, lakini ulivyosema ni ovyo."

BAHATI: Hiyo ya pili, hapa Goma, utapoteza marafiki.

FURAHA: Hata huko wanapoteza, usifikiri ni malaika. Kati ya 2012 na 2016 hivi, pale pao palipwaya, waandishi wao wakubwa wakahamia kwingine. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja ni kwamba ukiandika kitu, wanakuja watu kumi kukuchomoa mwiba mmoja mmoja, hakuna anayekwambia umebeba nini. Ndipo 2017 kikundi kidogo kikaanza kupajenga upya.

BAHATI: Tena mimi nilichungulia baada ya yaya kunitumia. Nikaona kura za wakongwe zina uzito kuliko za wageni. Sasa hiyo si barza ya muzee wa mtaa? Muzee akikohoa, kila mtu anabadilisha mawazo.

FURAHA: Hapo umenishika, mimi mwenyewe siipendi. Wao wanasema mgeni hajajua desturi, akipewa uzito sawa, wakija wageni elfu moja kwa siku desturi inakufa. Nawaelewa. Lakini mtu akikaa sana mahali, makosa yake nayo yanazeeka pamoja naye, yanapata heshima.

BAHATI: Turudi kwenye ziwa. Maana msikilizaji asifikiri sisi tulikuwa wajinga.

FURAHA: Hata kidogo. Yule wa odio, hebu tumsemee hoja yake vizuri kuliko alivyoisema mwenyewe. Ziwa Kivu lina gesi chini: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi, na 60 hivi za metani. Hiyo ni kweli tupu. Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos, dogo sana ukililinganisha na letu, lilitoa kaboni dioksidi usiku na watu kama 1,700 wakafa. Nayo ni kweli. Na wiki ile ya 2021 wataalamu walikuwa wanasema magma, yale mawe yaliyoyeyuka, imesogea chini ya mji kuelekea ziwani. Mtu anayejua hayo matatu ana haki ya kutetemeka.

BAHATI: Kumbe alikuwa sawa?

FURAHA: Alikuwa na sababu. Sasa upande wa pili. Gesi nyingi imelala chini sana, zaidi ya mita 250, imekandamizwa na maji mazito ya chumvichumvi. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji huu, ikaingia ziwani, sisi tukiwa tunaangalia moshi wa maji. Gesi haikutoka. Kwa hiyo swali zuri halikuwa "itapasuka, haitapasuka". Ilikuwa: hatari imeongezeka kiasi gani tangu jana, na nani ana chombo cha kupimia? Ndiyo maana niliuliza nani amepima.

BAHATI: Lakini yaya, ulivyouliza ilisikika kama unamwambia yule bwana ni mwongo.

FURAHA: ...Endelea.

BAHATI: Watu wanalia, watoto wamefungwa mgongoni, wewe unaleta swali la mtihani. Ungeanza na "ndugu yangu, hata mimi naogopa, gesi ipo kweli", halafu ndipo uulize. Ungefika mbali.

FURAHA: Miaka yote hii hukuniambia.

BAHATI: Hukuniuliza. Mizani ya kwanza, yaya: ulivyosema, alama ndogo. Mizani ya pili: nilikubali.

FURAHA: Napokea. Kuna mtaalamu wa hesabu, Anatol Rapoport, alikuwa na kanuni hiyo: kabla hujampinga mtu, rudia hoja yake mpaka yeye mwenyewe atamani angeisema hivyo. Mimi niliruka hatua. Lakini na wewe nikukumbushe kitu. Miaka ya 1950 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaonyesha watu mistari kwenye kadi: upi unalingana na huu? Mtoto angeweza kujibu. Ila wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa wajibu kosa. Yule mmoja asiyejua mchezo, karibu theluthi moja ya majibu yake yalifuata kosa lao. Lakini akiwekewa mwenzake mmoja tu anayesema ukweli, kufuata kundi kulipungua sana.

BAHATI: Najua unakoelekea.

FURAHA: Mmoja tu, Bahati. Ulikuja kuwa mwenzangu pembeni, mahali ambapo hakuna aliyekuona.

BAHATI: Sina la kujibu. Nizungumzie kundi letu dogo, hili la mazungumzo ya Jumapili? Maana tulijaribu kuleta hizo desturi, nyingine zikashindwa kabisa. Wale watu wa LessWrong wana mazoea ya kuandika juu ya maneno yao wana uhakika kiasi gani. Yaya akataka tuandike asilimia. "Nina asilimia 70 kwamba bei ya makala, mkaa wa kupikia, itapanda." Wiki ya pili kila mtu alikuwa na asilimia 100 ya kila kitu.

FURAHA: Mama mmoja aliandika 120.

BAHATI: Na bei ikapanda! Basi tukaacha asilimia, tukachukua maneno ambayo kila mtu anayo mdomoni. Ujumbe lazima uanze na moja ya matatu: niliona, nilisikia, ama nawaza. Hiyo ilishika.

FURAHA: Ilishika sababu ni kama kusalimia. Hata wazee hawakuuliza kwa nini. Ukiandika "nilisikia daraja limevunjika", hakuna anayekugombeza, lakini pia hakuna anayefunga mizigo. Watu wanamngojea wa "niliona".

BAHATI: Mpaka wakatokea wajanja: "Nilisikia kutoka kwa mtu ambaye aliona."

FURAHA: Hao tumewawekea neno lao: nilisikia. Basi.

BAHATI: Siasa je? Wale wa LessWrong wana desturi ya kuiweka pembeni wakati wa kujifunza. Wanasema kwenye siasa hoja inageuka askari, huwezi kukiri askari wako mmoja ni dhaifu, utaonekana umesaliti jeshi.

FURAHA: Wanasema "askari" kama mfano.

BAHATI: Eh. Sisi hapa...

FURAHA: Usiendelee. Ila nitasema hivi: mimi desturi hiyo naiona ni ya watu wenye nafasi. Goma, bei ya unga ni siasa, umeme ni siasa, barabara ya Sake ni siasa. Ukiondoa siasa tunabaki na hali ya hewa, na hapa hata hewa ina volkano. Tunachofanya ni kuongea ya zamani. Mlipuko wa 2002, wa 2021. Vidonda vilivyokauka kidogo vinashikika.

BAHATI: Tulitangaza mada wiki iliyopita, na kuna msikilizaji wa Ndosho ametuma sauti. Anaendesha moto, ile ya magurudumu, si ya Nyiragongo. Kwa kifupi anasema: "Hayo ni mambo ya watu wenye muda. Mimi usiku ule nilikuwa na mke na watoto watatu juu ya moto moja. Ningekaa kupiga hesabu?"

FURAHA: Sikubaliani naye na amesema vizuri. Unaona? Mizani mbili. Hapana, ngoja, nusu nakubali. Alipiga hesabu bila kujua. Kukimbia kulimgharimu petroli na kulala nje Sake. Kubaki, kama hatari ni ya kweli, kungemgharimu watoto. Hata kama nafasi ni ndogo sana, moja kati ya mia, unawasha moto unaondoka. Na tarehe 27, serikali ilipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, hata mimi niliyeuliza nani amepima nilifunga mizigo.

BAHATI: Kwa hiyo mimi kukimbia nilikuwa sawa.

FURAHA: Kukimbia, ndiyo. Huhitaji uhakika ili ukimbie. Lakini kutangaza "inaisha leo" kunahitaji. Ile odio uliipeleka kwenye makundi mangapi?

BAHATI: ...Manne.

FURAHA: Na ziwa lisipopasuka, ulirudi kwenye hayo manne ukasema?

BAHATI: Nani anarudi, yaya?

FURAHA: Wale wa LessWrong wanarudi. Tangu 2019, kila mwaka wanafukua maandishi ya mwaka uliotangulia na kuuliza: sasa joto limepoa, hili bado linasimama? Ndiyo desturi yao ninayoipenda kuliko hizo mizani.

BAHATI: Lile kundi la mtaa bado lipo kwenye simu yangu. Wamebaki watu 31, wengi wanatuma matangazo ya viwanja.

FURAHA: Basi.

BAHATI: Sasa hivi? Tunarekodi!

FURAHA: Tutangoja.

BAHATI: Haya... Naandika. "Niliona." Nianze na niliona, si ndiyo? "Niliona odio ya ziwa mwaka 2021, nikaisambaza bila kujua imetoka wapi. Tena nilimpigia dole aliyemtukana mwalimu Furaha, na moyoni nilikubaliana na mwalimu." Nimetuma. Mungu wangu. Mtu ameshajibu.

FURAHA: Amesema nini?

BAHATI: Dole gumba.

FURAHA: La kusema nini?

BAHATI: Sijui. Ngoja nimuulize.